Pikipiki ya safari inaposumbua baada ya kufungwa vifaa: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Pikipiki umekaa nayo miaka miwili haijakusumbua. Wiki moja kabla ya safari ya Mbeya unaifunga sanduku la nyuma, kioo kirefu cha kuzuia upepo, taa mbili za ziada na chaja ya simu. Unatoka Dar alfajiri. Mlandizi usukani unaanza kutetemeka, Chalinze simu imeacha kuchaji, Morogoro unaposhuka kunyoosha miguu unakuta nati moja ya keria haipo. Fundi wa kwanza anayekutana nawe atataka kufungua injini.

Usimruhusu bado. Kwa pikipiki iliyokuwa nzima na sasa inasumbua, swali la kwanza ni kitu gani kilifungwa mwisho. Kila kifaa unachoongeza kinachukua kitu kutoka kwenye pikipiki: kinachukua sehemu ya uzito ambao fremu na shokapu zinaweza kubeba, au umeme wa dinamo, au kinabadilisha njia ya upepo, au kinakaa mahali ambapo waya, kebo au mguu ulikuwa unapita. Dalili karibu zote nilizozikuta kwenye safari zangu na za wenzangu zinaangukia kwenye hayo manne. Ninaandika nikiwa na pikipiki za silinda moja akilini, za cc 125 hadi 400, kwa kuwa ndizo wengi wetu tunasafiria. Kwenye pikipiki kubwa mambo ni yale yale, ila zina nafasi zaidi ya kuvumilia makosa.

Vifaa vya kufanyia uchunguzi ni vichache: testa ya umeme yenye namba (ile ya kupima volti na ampea), spana za 8, 10, 12, 14 na 17, seti ya alenki, geji ya kupimia upepo wa tairi, na chupa ya rangi ya kucha. Hiyo ya mwisho nitaieleza baadaye.

Usukani unatetemeka, au mkia unapepesuka

Haya ni mambo mawili na mara nyingi watu huyachanganya. Kutetemeka kwa usukani ni kwa haraka, mikono inaona usukani ukienda kushoto na kulia mara kadhaa kwa sekunde, na mara nyingi hutokea kwenye mwendo wa kati, hasa unapoachia eksileta. Kupepesuka ni kwa polepole zaidi: pikipiki nzima inayumba kama samaki anayeogelea, na huongezeka kadiri mwendo unavyopanda. La kwanza hutoka mbele, la pili kwa kawaida hutoka nyuma. Mzigo ulio nyuma sana huweza kuleta yote mawili.

Tufanye hesabu kidogo, kwa sababu ukishaiona hutaweka tena mzigo kiholela. Chukua sanduku lenye kilo 15, lililokaa sentimita 40 nyuma ya ekseli ya tairi la nyuma, kwenye pikipiki ambayo kutoka ekseli hadi ekseli ni sentimita 130. Zidisha 15 kwa 40, gawanya kwa 130. Unapata kilo 4.6. Hizo ni kilo zilizonyanyuliwa kutoka tairi la mbele, na tairi la nyuma sasa limebeba kilo 19.6 za ziada badala ya 15. Sanduku halikuongeza uzito nyuma tu, limeinyanyua na pua ya pikipiki. Tairi la mbele likiwa jepesi, halishiki njia yake vizuri, na upepo unaopiga ubavu wa sanduku unapata mkono mrefu wa kulisukumia.

Ndiyo maana watengenezaji wa masanduku ya nyuma huandika kiwango kidogo cha mzigo kuliko ujazo wa sanduku lenyewe. Sanduku la lita 45 linaweza kumeza kilo 20 bila shida, lakini ndani ya kifuniko au kwenye sahani yake utakuta imeandikwa kilo chache tu, nyingi zikiwa kati ya 3 na 10. Kiwango hicho kiheshimu. Humo ndani weka koti la mvua, nguo, sweta. Spana, tyubu za akiba, maji na chupa ya oili vikae kwenye mabegi ya pembeni, chini na mbele kadiri inavyowezekana, karibu na miguu ya abiria. Kushoto na kulia visipishane kwa zaidi ya kilo mbili au tatu. Pima kwa mizani ya dukani, usikadirie kwa mkono.

Kuthibitisha kama tatizo ni sanduku ni rahisi: livue, pita barabara ile ile kwa mwendo ule ule. Mtetemo ukiisha umepata jibu, na dawa ni kupunguza mzigo, kusogeza sahani mbele ikiwa ina matundu ya kusogezea, au kukubali sanduku dogo zaidi. Angalia pia kama sanduku linacheza juu ya sahani yake. Lishike kwa mikono miwili ulitikise. Likigonga, tafuta mpira wa kujaza nafasi hiyo.

Mtetemo ukibaki hata bila sanduku, basi mzigo ulifichua ugonjwa uliokuwepo. Anza na upepo wa tairi, upime tairi zikiwa za baridi, na ufuate kibandiko cha pikipiki sehemu inayosema kuhusu mzigo au abiria, kwa sababu namba yake ya nyuma huwa kubwa kuliko ya mwendeshaji peke yake. Kisha weka stendi kubwa, mtu mwingine akandamize mkia ili tairi la mbele liinuke. Zungusha usukani polepole. Ukihisi unanasa katikati, pale tairi linapotazama mbele, beringi za shingo ya usukani zimekwisha. Shika shokapu za mbele kwa chini, vuta na sukuma. Zikigonga, beringi zimelegea. Nenda nyuma, tikisa tairi kwa ubavu. Likicheza, ni bushi za mkono unaoshika tairi la nyuma au beringi za tairi lenyewe. Malizia kwa kugonga spoki moja moja na spana ndogo. Iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti butu.

Ikikutokea ukiwa kwenye mwendo, usiukabe usukani wala usikanyage breki ghafla. Bana tanki kwa magoti, inamia mbele kidogo, achia eksileta taratibu. Mtetemo hupungua mwendo unavyoshuka.

Kioo kipya cha mbele, kichwa kinapigwapigwa

Mtu ananunua kioo kirefu ili apumzike na upepo, halafu anafika Morogoro kichwa kinamuuma kuliko zamani. Kioo hakikuondoa upepo, kimeupandisha. Pale kinapoishia, hewa tulivu iliyo nyuma yake inakutana na hewa inayokimbia juu yake, na mpaka huo una vurugu. Kofia yako ikiwa ndani ya mpaka huo, inapigwa.

Kipimo chake hakina gharama. Kwenye barabara iliyonyooka na isiyo na magari, ukiwa mwendo wa kawaida, inuka sentimita tano juu ya kiti. Kelele ikitulia na upepo ukawa mwingi lakini laini, kioo ni kirefu kwako kwa kiasi kidogo. Kikatwe au kishushwe. Inama badala yake: kelele ikitulia ukiinama, kioo ni kifupi, au kimelala sana. Kwa wengi kimo kizuri ni ukingo wa juu kufika usawa wa pua au kidevu, ili uone barabara kwa kupita juu yake. Kuangalia kupitia kioo ni hatari usiku, na pia baada ya kilomita mia moja za vumbi na wadudu.

Kuna sababu ya pili ambayo wengi hawaijui. Hewa ikibanwa mbele na kukosa njia chini ya kioo, nyuma yake panakuwa na utupu unaovuta hewa chafu ya pembeni kuelekea kifuani na usoni. Kuacha uwazi wa sentimita mbili tatu chini ya kioo, juu ya taa, huweza kuituliza hali hiyo kabisa. Jaribu kabla ya kununua kioo kingine.

Kioo kinachofungwa kwenye usukani wenyewe, badala ya kwenye fremu, kina shida yake: kila upepo unaokipiga unaupiga usukani. Ukipishana na basi lililotoka upande wa pili, unahisi mikono imesukumwa. Kwa maeneo yenye upepo mkali kama Makambako au Singida, kwa pikipiki nyepesi, mimi nachagua kioo kidogo kila mara.

Selfu haivuti asubuhi, taa zinafifia, simu haichaji

Hapa ndipo safari nyingi zinaharibika, na ndipo pesa nyingi zinapotea kwa kununua betri mpya isiyohitajika.

Dinamo ya pikipiki ndogo imetengenezwa kuendesha taa yake, honi, indiketa na kuchaji betri, ikabaki na ziada kidogo. Ziada hiyo ndiyo unayoweza kuitumia. Gawanya wati kwa volti upate ampea: taa mbili za LED za wati 20 kila moja ni wati 40, na kwa volti 12 ni ampea 3.3. Ongeza chaja ya simu yenye wati 18, ni ampea moja na nusu. Ukiongeza vishikio vya kupasha joto, ambavyo kwa baridi ya Njombe ni raha kubwa, umeongeza wati 30 au zaidi. Jumla inaweza kuzidi kile dinamo inachobakiza, na deni linalipwa na betri hadi inaisha.

Usiamini wati zilizoandikwa kwenye boksi la taa za bei ndogo. Pima mwenyewe: ingiza testa katikati ya waya wa taa upande wa ampea, soma, zidisha kwa volti za betri. Taa iliyoandikwa wati 120 mara nyingi inakula sehemu ndogo tu ya hizo, na hilo ni jema kwa dinamo yako ingawa si kwa mfuko wako.

Vipimo vitatu vya volti vinakueleza karibu kila kitu. Cha kwanza, pikipiki ikiwa imelala usiku mzima, betri nzima inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 iko nusu. Cha pili, injini ikizunguka kwa mwendo wa safari bila vifaa, unatakiwa kuona kati ya 13.5 na 14.5. Cha tatu, washa kila kitu ulichofunga na uangalie tena.

Ikishuka chini ya 13 ukiwasha vifaa na kupanda ukizima, umezidisha mzigo wa umeme. Chagua cha kuacha. Ikibaki ndogo hata bila vifaa, chunguza dinamo, rektifaya (kifaa kinachogeuza na kudhibiti umeme wa dinamo kabla haujafika kwenye betri) na viungo vyake. Ikizidi 15, rektifaya imeharibika na inaichemsha betri, na pengine itaua na taa zako za LED. Na kama vipimo vyote ni vizuri lakini asubuhi betri imekufa, kuna kitu kinakula usiku.

Huyo mla usiku mara nyingi ni kifaa cha kufuatilia pikipiki kwa setilaiti, au chaja iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri, hasa ile yenye kioo kidogo cha kuonyesha volti. Miliampea 30 zinaonekana si kitu. Lakini kwa saa 24 ni ampea-saa 0.72, na betri ya ampea-saa 5 ikiachwa siku tatu na nusu imeshapoteza nusu yake. Nilipiga kiki asubuhi moja Makambako, baridi kali, baada ya kupumzika siku mbili, na kosa lilikuwa hilo hilo. Kulipata: zima swichi kuu, fungua terminali hasi ya betri, weka testa katikati ya terminali na waya wake upande wa ampea 10, kisha chomoa kifaa kimoja kimoja hadi namba ishuke. Testa ikiwa imekaa hivyo usibonyeze selfu, utaiunguza.

Namna sahihi ya kufunga inazuia shida hii tangu mwanzo. Tumia rilei ya miguu minne, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Mguu namba 30 upate umeme kutoka betri, na fyuzi iwe karibu kabisa na betri, si kwenye taa. Namba 87 iende kwenye vifaa. Namba 86 ipate umeme mdogo kutoka waya unaowaka swichi kuu ikiwashwa, kwa mfano wa taa ya nyuma. Namba 85 iende kwenye bodi, yaani chuma cha fremu. Ukizima swichi kila kitu kinazimika. Kwa mzigo wa ampea 3.3, fyuzi ya 5 inatosha. Ya 20 haitakulinda, waya utawaka kabla yake. Waya wa milimita mraba moja au moja na nusu unatosha kwa taa hizi.

Dalili nyingine za umeme kwa ufupi:

Taa za LED zinapepesa injini ikiwa silensa (inazunguka taratibu bila kuguswa eksileta), zikatulia ukiongeza eksileta. Kwenye baadhi ya pikipiki ndogo taa kubwa haili umeme wa betri, inapata umeme wa kwenda na kurudi moja kwa moja kutoka dinamo. Ukiunganisha LED hapo itapepesa. Chukua umeme upande wa betri, kwa rilei.

Indiketa zinakimbia baada ya kuweka za LED. Flasha ya zamani (kifaa kinachowasha na kuzima indiketa) inategemea mzigo wa balbu za wati 10. Ikipata wati mbili inadhani balbu imeungua. Weka flasha ya LED. Kama baada ya hapo indiketa zote nne zinawaka pamoja, tatizo ni taa moja ya kijani kwenye dashibodi inayounganisha kushoto na kulia. Inahitaji dayodi mbili, vipande vinavyopitisha umeme upande mmoja tu.

Taa zinakatika unapokata kona. Waya umebanwa au umekatika shingoni mwa usukani. Washa swichi pikipiki ikiwa imesimama, zungusha usukani mwanzo hadi mwisho, uone inakatika wapi. Tai za plastiki zilizokazwa mno ndizo huua waya hapo, kwa hiyo acha mkunjo mlegevu.

Simu inaacha kuchaji baada ya mvua. Fungua tundu la chaja, utakuta kutu ya kijani. Tundu lenye kifuniko cha mpira, likitazama chini, hukaa muda mrefu. Viungo vya waya vichomwe risasi na kuvikwa mpira unaosinyaa kwa moto; kusokota na kufunga selotepu nyeusi hakumalizi msimu mmoja wa masika.

Keria imepasuka au nati zinapotea

Sitasahau bonde la mibuyu pale Ruaha Mbuyuni. Nilisimama kununua vitunguu, nikaona mstari mwembamba wa kutu kwenye kona ya keria, mahali bomba linapoungana na bapa. Nilipousukuma kwa kidole ulifunguka kama mdomo. Mbele yangu kulikuwa na kupanda mlima mkali wa Kitonga. Keria ile ilichomelewa na fundi mzuri, vyuma vinene, lakini uzito wote ulikuwa unaning'inia kwenye bolti mbili za mbele, hakuna mhimili wa kurudi chini kwenye fremu. Kila tuta, kila rasta, iliinama kidogo na kurudi, hadi chuma kikachoka.

Kwa hiyo kagua hivi. Mstari wa kutu au rangi iliyopasuka karibu na weldi ni ufa, hata kama hauonekani. Vumbi jeusi jeusi linalozunguka kichwa cha bolti linaonyesha kuwa bolti inacheza na vyuma vinasagana. Keria ya kubebea safari inahitaji pembetatu: pointi mbili mbele na mihimili miwili inayoshuka kuelekea sehemu ya fremu iliyo chini, karibu na shokapu za nyuma au kikanyagio cha abiria. Ukimwambia fundi achomelee chuma kinene zaidi bila kuongeza mihimili, ufa utahamia kwenye fremu yako, na hiyo ni hasara kubwa kuliko keria. Kabla ya kuchomelea chochote kwenye pikipiki, toa waya hasi wa betri, na kama ina mfumo wa kupuliza mafuta kwa kompyuta, chomoa na kompyuta yenyewe.

Nati zinazopotea zina sababu mbili: hazikukazwa kwa kiasi, au kulikuwa na rangi na mpira katikati ya vyuma, ambavyo vilibonyea baada ya kilomita chache. Bolti ya milimita 6 hukazwa kwa takriban Nm 10 (kipimo cha nguvu ya kukaza), ya milimita 8 kwa takriban Nm 25. Tumia nati zenye plastiki ndani, au gundi ya bolti ile ya buluu inayofunguka kwa spana ya mkono. Baada ya kukaza, chora mstari mmoja wa rangi ya kucha kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kinachoikalia. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Unakagua pikipiki nzima kwa macho, umesimama tu.

Eksileta hairudi, au injini inapanda yenyewe ukikata kona

Hii isingojee. Ikionekana, simama na urekebishe hapo hapo.

Hutokea baada ya kuinua usukani, kufunga vizuia mikono, au kubadilisha vishikio. Kebo iliyokuwa inatosha sasa ni fupi, na ukikata kona inavutwa. Jaribu ukiwa umesimama, gia iko huru, injini silensa: zungusha usukani hadi mwisho kushoto, kisha kulia. Silensa ikipanda hata kidogo, kebo ipitishwe njia nyingine au inunuliwe ndefu. Angalia na bomba la breki lisikaze kama kamba, na klachi iwe na ule ulegevu wake mdogo.

Kwa vizuia mikono, kosa ni kwenye mwisho wa usukani. Bolti yake ikisukuma kishikio cha kulia ndani, eksileta inasuguana na hairudi yenyewe. Acha uwazi wa milimita mbili. Pindua eksileta hadi mwisho, iachie: inatakiwa kupiga mlio wa kurudi, usukani ukiwa katikati, kushoto na kulia.

Bampa imefungwa, pikipiki inatetemeka miguuni

Bampa iliyolazimishwa inaibana fremu, na inapitisha mtetemo wa injini kama uzi wa zeze. Fungua bolti zake zote hadi zilegee. Bampa ikiruka sentimita nzima kutoka mahali pake, ilifungwa kwa nguvu ya nondo. Irudishe kwa utaratibu: bolti zote ziingie kwa vidole kwanza, hata moja isikazwe, halafu zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana. Matundu yasipokutana, panua tundu au weka washa ya kujaza nafasi. Kama bolti ya injini inatolewa ili bampa ipate kuingia, iegemeze injini kwa jeki kwanza. Na kabla ya kulipa, hakikisha oili inaweza kumwagwa na pedali ya breki inashuka hadi mwisho bila kuigusa bampa.

Kamera ya simu imeanza kuona ukungu

Simu si nzima tena kama zamani: picha hazitulii, kamera inatafuta na haipati. Lensi za simu nyingi za sasa zinaelea kwenye vitu vidogo vya kuzuia mtikisiko, na mtetemo wa injini yenye nguvu huweza kuziharibu. Apple wenyewe walitoa onyo hilo mwaka 2021 kuhusu simu zao kufungwa kwenye pikipiki. Silinda moja hutetemesha kuliko zote. Tumia kishikio chenye mpira wa kupunguza mtetemo, au simu ya pili ya zamani kwa ramani, ile nzuri ikae mfukoni.

Taa inamulika miti, na cheni inalia

Madereva wanakupigia taa za juu ingawa wewe umewasha za chini? Mkia umeshuka kwa mzigo na pua imepanda. Simamisha pikipiki mita tano kutoka ukutani ikiwa tupu, wewe umeikalia, weka alama ya chaki mahali mwanga wa chini unapoishia. Kisha pakia kila kitu, na abiria wako apande. Rudisha mwanga kwenye alama kwanza kwa kukaza springi za shokapu za nyuma, na kinachobaki ndipo umalizie kwa skrubu ya taa. Ukianza na skrubu, utakuwa umeficha dalili na kuiacha pikipiki ikisaga tumbo kwenye matuta. Taa za ziada nazo zielekezwe chini. Anayekuja mbele yako akipofuka, atakugonga wewe.

Cheni ina hila yake. Ilikuwa na ulegevu mzuri pikipiki ikiwa tupu, lakini mkia unaposhuka, umbali kati ya spoketi mbili unaongezeka, na cheni inakaza kama waya wa gitaa. Inavunja beringi ya gia ya mbele, si cheni peke yake. Pima ulegevu ukiwa na mzigo wote juu yake; pasipo nafasi kabisa, rekebisha kwa kufuata kitabu cha pikipiki.

Vumbi na maji ndani ya masanduku

Usiku wa kwanza kwenye barabara ya vumbi utashangaa: sanduku limefungwa, na nguo zina rangi ya udongo. Nyuma ya pikipiki inayokimbia hewa huwa pungufu, na vumbi la tairi huvutwa huko kisha likapenya kwenye kila ufa. Safisha mpira wa kifuniko, upake mafuta ya silikoni, na nguo ziwe ndani ya mfuko wa plastiki mzito uliokunjwa mdomo mara tatu. Mabegi laini ya pembeni yakae mbali na eksozi, angalau upana wa kiganja, na yawe na chuma cha kuyazuia yasiingie kwenye tairi. Harufu ya nailoni inayoungua ukiwa kwenye foleni ni begi lako.

Sababu haijulikani

Mara nyingine dalili ni mbili tatu kwa pamoja na hakuna inayojieleza. Vua vyote. Najua inauma, hasa ukiwa umelipa fundi siku nzima, lakini jioni moja ya kuvua ni nafuu kuliko siku tatu za kusubiri spea Iringa. Endesha ikiwa tupu kilomita ishirini. Kisha rudisha kimoja, uendeshe, uandike ulichohisi, ndipo ufuate kingine: keria na mihimili yake kwanza, halafu bampa, halafu kioo, na umeme mwisho. Sanduku na mabegi yaingie na mzigo halisi utakaosafiri nao.

Na fanya haya angalau wiki mbili kabla ya safari. Siku ya kuondoka ikifika, kilomita mia za kwanza ziwe za kukagua. Kwa anayetoka Dar, hapo ni Chalinze: simama, zunguka pikipiki, tazama mistari ya rangi ya kucha kwenye kila nati, gusa viungo vya waya kama vina joto, kisha kaza zilizosogea kabla hujaagiza chai.